Bangili ya Bibi na Moto wa Wahubiri



Wapendwa taifa la Mungu wa Ngenge, nanyi nyote mnaozisoma tafakari hizi mkiwa mbali na nyumbani: juma hili sitaanza na Injili ya Dominika kama ilivyo desturi yangu. Nitaanza na bangili.

Aliyeileta ni bibi mmoja mjane wa parokia yetu. Alifika siku ya mvua, akaketi kwenye benchi la nje ya ofisi hadi wote waliokuwa na shida zao walipokwisha kuondoka. Kisha akaingia, akafungua fundo la kanga yake, akaweka mezani bangili nyembamba ya shaba iliyokatika mahali pamoja. Hakulia, wala hakunung'unika. Alisema hivi: "Waitu Padre, nimekuja kuuliza kama nimekuwa mchawi bila kujua."

Kisa chenyewe ni hiki. Majuma mawili kabla ya hapo, kikundi cha wahubiri kilipita vijijini kikiwahimiza watu watoe nje "vitu vya mizimu". Sitakitaja. Baadhi ya waliokuwamo si wa Kanisa letu. Wengine, kwa aibu yangu, ni Wakatoliki waliobatizwa, wakaimarishwa, na ambao Jumapili huketi mbele yangu. Uani kwa yule bibi zikakusanywa mali za wazazi wake na za marehemu mumewe: mkuki, kibuyu cha lubisi chenye shingo ndefu pamoja na mrija wake, kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, mshipi wa simbi, kipande cha lubugo kilichochakaa. Vikawashwa moto huku watu wakiimba. Mkuki haukuungua, kwa kuwa chuma hakiungui kwa moto wa mabua. Kesho yake kijana mmoja aliuokota majivuni akamwuzia mnunuzi wa chuma chakavu. Ndiyo kusema, yule shetani aliyefukuzwa usiku kwa makelele, asubuhi alipimwa kwa kilo.

Bangili ilikuwa mkononi mwa bibi, akakataa kuivua. Mmoja wao akaivuta, akaipinda mpaka nyuzi za shaba zikaachana. Ndani yake zikachomoza nywele nyeusi, ngumu. Basi, ushahidi ukawa umepatikana! Nywele za mfu! Tangu siku ile wajukuu wake wanne hawali chakula alichokipika yeye.

Wapendwa, naomba mnivumilie nieleze jinsi bangili ya namna ile inavyotengenezwa, maana katika jambo hili elimu kidogo ya uhunzi ingalizuia dhambi kubwa. Mhunzi wa kale, ambaye kwa Kihaya tunamwita omuhesi, alichukua kipande cha shaba, akakipasha moto, akakigonga mpaka kikawa kama ufito mwembamba. Kisha alikivuta kwa nguvu kupitia tundu la kipande cha chuma, halafu tundu dogo zaidi, halafu dogo zaidi, hata akapata uzi. Uzi huo mtupu ukizungushwa mkononi hupindika ovyo na kukatika. Kwa hiyo aliusokota, mzunguko mmoja ukibanana na mwingine, juu ya kiini kinachonyumbulika. Na kiini kilichokuwa bora kuliko vyote, kisichooza upesi wala kuvunjika, kilikuwa singa za mkia wa ng'ombe. Ndizo "nywele za mfu". Zilitoka kwa ng'ombe, na kazi yake ni ile ile ya uzi ulio ndani ya mkufu wa shanga: kushikilia.

Mtu asiyejua jinsi kitu kilivyotengenezwa, akiona ndani yake jambo asilolielewa, hulijaza pengo hilo kwa shetani. Tena hulijaza haraka, kwa sababu kumtaja shetani hakugharimu chochote. Kumwuliza mzee kunagharimu mchana mzima na unyenyekevu.

Nasema kwa ukali kwa sababu najua mahali njia hii inakoelekea, nanyi mnajua. Tunaishi Kanda ya Ziwa. Katika mikoa ya kanda hii bibi wazee wameuawa kwa mapanga kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu, na macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni walizowapikia watoto wao na watoto wa watoto wao. Mauaji hayo hayakuanza kwa panga. Yalianza kwa neno lililosemwa uani, mbele ya watu, na mtu aliyejidai kuona kile ambacho wengine hawakioni. Leo imechomwa kanda ya simbi. Kesho jirani akifiwa na mtoto, watu watakumbuka ni uani kwa nani moto ule uliwashwa. Ninyi mlioimba usiku ule, mlifikiri juu ya hilo?

Nami sijitoi katika lawama. Katika miaka yangu ya kwanza ya upadre, mzee mmoja alinijia na fimbo ya baba yake, imevishwa pete za chuma kutoka juu hadi chini, akaniuliza kama inafaa kubaki nyumbani mwa Mkristo. Sikumwuliza ilikuwa ya kazi gani. Nilikuwa na haraka ya kwenda kigangoni, nikamwambia aitupe. Akanitii. Baadaye nilikuja kujua kwamba baba yake alikuwa mhunzi, na kila pete ilikuwa ukumbusho wa mwanafunzi aliyemfundisha kazi. Mzee yule amekwisha kufariki, na sina wa kumwomba radhi ila Mungu.

Ni mikono ya nani iliyofanya vitu tunavyovichoma? Wengi wetu tulifundishwa, shuleni na pengine hata katika katekisimu, kwamba kabla ya wageni kuja mababu zetu walikaa tu wakingoja. Lakini pale Kemondo, kwenye ghuba ambayo wengi wenu mmepita mkienda Bukoba mjini, wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua mashimo ya tanuri za kuyeyushia chuma ambazo umri wake unarudi hadi karne za kwanza baada ya Kristo. Katuruka, huko Maruku, palikuwa na mti mkubwa wa heshima ulioitwa Kaiija, yaani mahali pa kufulia chuma. Wazee walisimulia kwamba hapo ndipo Mfalme Rugomora Mahe alipowaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma ufike mbinguni. Wasomaji wa Biblia watakumbuka Babeli na kutabasamu. Mchimbuzi Peter Schmidt, aliyefanya kazi huko kuanzia mwaka 1969, hakutabasamu tu. Aliwasikiliza wazee, akachimba pale walipomwonyesha, akakuta masalia ya uhunzi ya zamani sana. Wataalamu wamebishana juu ya baadhi ya tarehe zake za kale zaidi, nami sizing'ang'anii. Zile za Kemondo zanitosha.

Katika miaka ya 1970 wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani mwao walikubali kuifanya tena kazi ile mbele ya Schmidt na mwenzake Donald Avery. Walijenga tanuri kwa udongo wa kichuguu. Chini yake walijaza majani ya kinamasi yaliyochomwa yakawa makaa. Mivukuto ikapuliza hewa kupitia mirija ya udongo iliyoingizwa ndani kabisa ya tanuri, na mawe mekundu ya kwetu yakatoa chuma. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Science, ikasomwa dunia nzima. Hapa kwetu ni wachache walioisikia. Mapigo ya mkuki ule uliouzwa kwa kilo yalikuwa na ukoo unaorudi hadi kwenye tanuri hizo, miaka ipatayo elfu mbili.

Hesabuni wenyewe. Miaka elfu mbili iliyopita ni zama za nani? Ni zama za Kaisari. Wakati Mtume Paulo akishona mahema Korintho, na Wakristo wa kwanza wakivunja mkate katika nyumba za Antiokia na Roma, kando ya Ziwa letu watu walikuwa wakiishi na kuujua ufinyanzi mzuri, na ustadi wa chuma ulikuwa njiani au umekwisha kufika. Wala Afrika Mashariki haikuwa imefungiwa. Kitabu cha safari cha mfanyabiashara mmoja wa karne ya 1, aliyeandika kwa Kigiriki kutoka Misri iliyokuwa chini ya Warumi, kinaitaja bandari ya Rhapta katika pwani yetu: huko zilishushwa mikuki, mashoka, visu na mawe ya kioo ya aina mbalimbali, zikapakiwa pembe za ndovu na magamba ya kasa. Profesa Felix Chami alitangaza mwaka 1999 kwamba shanga za Kirumi zilipatikana katika eneo la Rufiji. Simbi nazo, ambazo bibi zetu walizihesabu kama fedha, hazizaliwi katika Ziwa Nyanza. Ni makombe ya Bahari ya Hindi, yaliyotembea kutoka mkono hadi mkono mpaka yakatufikia. Anayesema simbi ni "mizimu ya ukoo" hajui kwamba anachoma sarafu ya biashara.

Sasa, je, Kanisa lilisema nini juu ya bangili, pete na vyombo vya watu wake wa kwanza? Swali hili si geni hata kidogo. Wakristo wa majimbo ya dola la Kirumi, wa Misri, wa Siria, wa Afrika ya Kaskazini, hawakubatizwa wakiwa watupu. Walikuja na mapete yao, hereni zao, taa zao za udongo, vikombe vyao. Na vitu hivyo vilijaa picha za miungu kuliko kibuyu chochote cha Buhaya.

Tertuliani wa Karthago, ambaye sidhani kama ametokea mtu mkali kuliko yeye katika maandishi yote ya Kanisa la kale, aliandika karibu na mwaka 200 kitabu kizima cha kukemea mapambo ya wanawake. Wahubiri wetu wangempenda, laiti wangemsoma mpaka mwisho. Maana mle ndani anafanya jambo lisilotarajiwa: anakisifu chuma. Anasema dhahabu na fedha asili yake ni udongo tu kama madini mengine, bali chuma na shaba vina manufaa zaidi, kwa kuwa dhahabu haiwezi kulima shamba wala kuunganisha mbao za meli. Tena anakumbusha kwamba hata pete hufanywa kwa chuma, na kwamba desturi ya kale bado ilihifadhi vyombo vya shaba vya kulia na kunywea. Alichokigombeza Tertuliani ni majivuno ya tajiri. Hakuna mahali alipomwendea mjane maskini kumpindia bangili yake.

Na pete ya chuma ilikuwa na maana gani kwa Warumi? Plinius, mwandishi wa karne ya 1, anasema kwamba hata katika siku zake mchumba alipelekewa pete ya chuma, isiyo na kito. Hiyo ndiyo nyanya wa pete ya ndoa mnayovishana mbele yangu altareni! Ilikuwa ya wapagani. Kanisa halikuichoma. Liliichukua, likaibariki, likaiweka katika kidole cha bibi arusi. Sisi nasi tulikuwa na majembe ya chuma katika mahari, na bangili kwa binti anayeolewa. Niambieni, kwa nini chuma cha Mrumi kimepata ubatizo na chuma cha Mhaya kimepata moto?

Klementi wa Aleksandria, wa zama hizo hizo, alijibu swali la pete za muhuri ambazo kila mwenye nyumba alizihitaji kwa kutia alama mikataba na hazina yake. Hakusema zitupwe. Alisema Wakristo wachague picha zifaazo: njiwa, samaki, meli inayokwenda kwa upepo, kinubi, nanga. Alikataza sura za miungu, silaha kwa watu wa amani, vikombe kwa watu wenye kiasi. Mtaona kwamba njiwa, meli na nanga vilikwisha kuwapo katika maduka ya wachongaji, na wapagani walivinunua pia. Karthago nako, Tertuliani anataja vikombe vyenye picha ya Mchungaji aliyebeba kondoo. Na mtu mwenye kondoo mabegani alichongwa na Wagiriki karne nyingi kabla ya Betlehemu. Picha ya Mchungaji Mwema iliyomo katika nusu ya nyumba zenu ilizaliwa hivyo.

Lakini ninayetaka hasa tumsikilize ni Mtakatifu Augustino, kwa kuwa yeye aliulizwa karibu swali lile lile nililoulizwa na bibi. Possidius, Askofu wa Calama katika Numidia, nchi ambayo leo ni Algeria, alikuwa akipambana na mapambo ya waamini wake, akamwandikia Augustino aliyekuwa Askofu wa Hippo. Jibu lipo hadi leo. Augustino anamshauri asiwe na haraka ya kupiga marufuku mapambo ya dhahabu na mavazi, isipokuwa kwa wale waliojiweka wakfu wasioe wala kuolewa, maana wenye ndoa wana haki ya kufikiri jinsi ya kupendezana. Kisha anageuka mkali: hirizi anazilaani bila kuuma maneno, na pamoja nazo anazitaja hereni ambazo wanaume fulani walizivaa juu ya sikio la upande mmoja. Zile, anasema, hazikuvaliwa ili kuwapendeza watu bali kuyatumikia mashetani. Hereni na hereni, basi! Kitu kile kile, kwa sonara yule yule pengine. Askofu hakuyahukumu madini. Aliuliza vinavaliwa kwa ajili gani, na swali hilo ndilo ambalo mimi sikumwuliza mzee wa fimbo, na ninyi hamkumwuliza bibi.

Najua mtakavyonijibu, baadhi yenu mmekwisha kunijibu langoni. Mtasema Padre anatetea uchawi. Sitetei. Hirizi ni hirizi, na kuna nyumba humu parokiani ambazo juu ya mlango wake kimefichwa kitu kilichonunuliwa kwa mganga kwa fedha nyingi, na mwenye nyumba anajua kabisa kwa nini kipo pale na dhidi ya nani. Hicho kiondoeni, sihitaji kuwaza mara mbili. Mtakatifu Yohane Krisostomo aliwakaripia Wakristo wa Antiokia waliofunga sarafu za Aleksanda wa Makedonia vichwani na miguuni wakitumaini zitawalinda. Nayo ilikuwa sarafu tu, kitu cha sokoni, kilichogeuzwa kuwa mungu mdogo. Inawezekana kabisa kugeuza bangili kuwa hirizi. Inawezekana pia kugeuza rozari kuwa hirizi, na nimeiona ikining'inia kwenye kioo cha gari la dereva aliyelewa, akiamini itamfikisha. Mbona rozari hiyo hamkuichoma?

Mtanitajia pia Maandiko. Mtasema Yakobo alizika pamoja na miungu migeni hereni zilizokuwa masikioni mwa watu wake (Mwa 35:4). Ni kweli. Lakini mbona hamfiki hadi Kutoka? Hereni za Waisraeli zilitengeneza ndama (Kut 32:2-4), na sura tatu mbele wanaume kwa wanawake wa taifa lile lile wanaleta bangili, hereni, pete na mikufu kwa kujengea hema la Bwana (Kut 35:22), na Bwana anapokea. Wala hatusomi kwamba Rebeka aliambiwa azivue bangili alizovishwa na mtumishi wa Abrahamu kisimani (Mwa 24:22). Mtasema tena: Waefeso walichoma vitabu vya uganga (Mdo 19:19). Soma vizuri, ndugu yangu! Waliochoma ni wenyewe waliokuwa wakifanya uganga. Walileta vya kwao, kwa hiari yao, na gharama waliibeba wao. Hakuna Mwefeso aliyeingia nyumbani kwa nyanya wa mtu kuchoma visivyo vyake. Ukichoma cha mwenzako bila ridhaa yake, amri inayokuhusu ni ya saba, na kama umemzushia uchawi, ya nane.

Papa Gregori Mkuu mwaka 601, alipokuwa akiwaagiza wamisionari wa Uingereza kupitia Abate Mellitus, alisema mahekalu ya wapagani yasibomolewe. Sanamu ziondolewe, jengo linyunyiziwe maji ya baraka, watu waendelee kukusanyika mahali walipopazoea. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya umisionari, unayataka makanisa machanga yachote kutoka katika desturi, hekima na sanaa za watu wao yote yanayoweza kumtukuza Muumba. Sisi ni kanisa changa la namna hiyo. Mapadre Weupe walifika Kashozi mwaka 1892. Nawaheshimu sana, nami ni tunda la jasho lao. Lakini jaribuni kuwaza wazee wetu waliona nini siku ile: wanaume waliovaa kanzu nyeupe, na shingoni mwa kila mmoja mkufu mrefu wa shanga wenye kitu kinachoning'inia. Ndiyo, rozari ilikuwa sehemu ya vazi lao. Wazee hawakuwakata mikufu ile wakatafuta nywele ndani yake. Waliuliza ni ya nini, wakaambiwa, na wengine wakabatizwa.

Na sisi wenyewe, Kanisa la Muleba na Bukoba, tulilia machozi ya furaha mwaka 1960 Papa Yohane XXIII alipomfanya kardinali Askofu wetu wa Rutabo, Laurian Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa nyakati hizi kupata heshima hiyo. Alivaa pete. Alivaa msalaba wa kifuani wenye mnyororo. Nani aliyesema ni mizimu? Wafalme wa Karagwe huko Bweranyange nao walikuwa na hazina yao ya sanamu za shaba, za ng'ombe na za ndege, ambazo Stanley alionyeshwa na Rumanyika mwaka 1876 akazieleza kitabuni mwake. Alama ya cheo si lazima iwe sanamu ya kuabudiwa. Tunalijua hilo vizuri kabisa tukiwa katika kanisa kuu. Tunalisahau tukifika uani kwa mjane.

Neno moja pia kwa upande wa pili, maana sipendi wanaonishangilia waondoke wakijiona wema. Wapo vijana wetu wasomi wa mijini ambao hawachomi. Wao huja likizo, humpa bibi noti mbili, huondoka na kibuyu na kikapu cha kupambia sebule. Bibi hubaki na bakuli la plastiki. Wapo wanaouza kwa wageni hata vigoda vya marehemu kabla ya arobaini. Hao hawana moto, lakini nyumba ya bibi wameiacha tupu vile vile.

Wapendwa, nikiwaza juu ya bangili ile nakumbuka pete nyingine. Mwaka 203, Karthago, waliuawa Mtakatifu Perpetua na Mtakatifu Felista pamoja na wenzao. Mmoja wa wenzao aliitwa Saturus. Alipokuwa amejeruhiwa na chui, akivuja damu, karibu kufa, alimwita Pudens, askari aliyekuwa akiwalinda gerezani na ambaye alikuwa ameanza kuamini. Akamwomba pete iliyokuwa kidoleni mwake. Ilikuwa pete ya kawaida, ya askari wa Kirumi, na sidhani kama ilikuwa imebarikiwa na mtu yeyote. Saturus akaichovya katika jeraha lake, akamrudishia iwe urithi na ukumbusho. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara hunijia swali: kama pete ile ingekutwa nyumbani kwa mjukuu wa Pudens, yenye doa jeusi lisiloeleweka, wahubiri wetu wangesema ni damu ya nani?

Bibi yule alipewa bangili yake na mama yake, asubuhi ya siku aliyofunga ndoa ya Kikristo. Nilimwuliza mwenyewe. Aliivaa akienda altareni, aliivaa akiwazaa watoto saba, na aliwazika wawili kati yao akiwa nayo mkononi. "Nikiigusa," aliniambia, "nasali Salamu Maria moja kwa ajili ya mama." Huo ndio uchawi wote uliokuwamo.

Kwa hiyo natangaza yafuatayo, na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wayasome kwa sauti. Hakuna kikundi cha sala kitakachoingia nyumba ya mwamini wa parokia hii kwa jina la Kanisa bila kunijulisha na bila ridhaa ya mwenye nyumba. Mwenye mashaka juu ya kitu cha wazee wake akilete kwangu mchana, si usiku, tukae na wazee wawili wanaokijua, tukiulize kilikuwa cha kazi gani. Wale watatu walioongoza moto ule ni wana wangu, nimekwisha kuzungumza nao. Mmoja ameomba radhi. Mkuki nimeutafuta kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Umekwisha kupakiwa kwenda Mwanza.

Bangili imepona kiasi. Fundi wa baiskeli pale sokoni aliirudisha mizunguko kwa koleo, akaifunga kwa uzi mweusi pale ilipokatika, akakataa malipo. Jumapili iliyopita bibi aliivaa akapokea Komunyo. Wajukuu wawili walikaa naye benchi moja. Wale wengine wawili nawangoja Ijumaa saa kumi jioni, baada ya rozari, na nimemwomba bibi atupikie ndizi sote.